Nani ameshika chujio? Kutoka SMS za matapeli hadi kuzimwa kwa intaneti

"Ile hela usitume kule, itume kwenye namba hii, jina litakuja la Fulani." Kama una laini ya simu Tanzania na hujawahi kupokea ujumbe huu, sijui unaishi wapi. Una ndugu zake wengi: wa baba mwenye nyumba anayekumbushia kodi, wa mganga anayerudisha mpenzi aliyeondoka, wa Freemason anayekualika ukachukue utajiri kana kwamba utajiri umekosa wenyewe.

Aliyetuma hakujui. Anapiga mfululizo wa namba, akiamini kwamba kati ya maelfu ya watu hao yupo mmoja ambaye asubuhi ile kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela, na mawazo yake yako kwingine. Vifurushi vya SMS ni bei ya chee, kwa hiyo akimnasa huyo mmoja siku yake imelipa. Kero karibu zote za mtandaoni zimesimama kwenye hesabu hii: mtumaji hagharimiki, mzigo wote anaubeba anayepokea.

Serikali zetu zilidhani dawa ni kumjua mtumaji. Tanzania ikaleta usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Matapeli walihama kidogo tu. Mama amekwenda kwa wakala wa barabarani mwenye mwavuli na kimashine, ameweka kidole, akaambiwa "haijasoma, weka tena". Mara ya kwanza ilikuwa imesoma vizuri sana. Hiyo ya pili imesajili laini nyingine ambayo yeye hataiona kamwe, na ikitumika kuibia watu, jina litakalotokea ni lake. Ndiyo maana ipo *106#, ya kukagua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ndiyo maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inaomba ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipelekwe 15040. Fanya vyote viwili, havina gharama ya maana.

Lakini angalia usajili umemnasa nani. Tapeli anatumia kidole cha mwenzake. Mtu mwenye laini halali, mwenye jina lake kamili, anayeandika anachokifikiri, huyo ndiye anayepatikana ndani ya dakika chache. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya anayejificha kimekuwa kikali zaidi kwa asiyejificha. Jambo hili litajirudia katika karibu kila kinachofuata, kwa sababu mitambo inayozuia taka, yaani ujumbe usioombwa, na mitambo inayozuia maneno ni ileile.

Kwenye baruapepe hadithi ni ya zamani zaidi. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika, lakini kwa maelezo yake mwenyewe mashine ziliuzika. Miaka minne baadaye zikaandikwa kanuni za kusafirisha baruapepe, SMTP, na kanuni hizo hazikuwa na njia yoyote ya kuhakiki mtumaji. Ni kama bahasha: nyuma yake unaweza kuandika jina lolote, hata la Ikulu, na posta itaipeleka.

Mitambo ya kuziba tundu hilo ilikuja baadaye sana. Mmoja (SPF) unatangaza ni kompyuta zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la taasisi fulani. Mwingine (DKIM) unaigonga barua muhuri wa kihesabu. Wa tatu (DMARC) unasema barua isiyokidhi masharti ifanywe nini. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza kamba. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima ajitambulishe kwa njia hizo, aweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Juu yake kuna chujio linalojifunza: kila unapobofya "hii ni taka", unalifundisha maneno, viungo na tabia za watumaji wa aina hiyo.

Chujio hukosea. Barua ya ajira, ankara ya mteja, majibu ya chuo, vyote vimewahi kuangukia kwenye folda ya taka. Ila folda ipo! Unaifungua, unakuta kilichozuiwa, unakitoa, na chujio linajirekebisha. Mwenye sanduku ndiye mwenye neno la mwisho, na hilo usilione dogo. Mimi, nikitaka kujua kama udhibiti fulani ni ulinzi au ni kufungana midomo, swali langu la kwanza huwa hilo: kilichozuiwa kiko wapi, na nani anaruhusiwa kukiona?

Kuna pia kero zenye leseni. SMS za kubeti saa tano usiku, za promosheni ya kampuni yako ya simu, za duka ulilonunua shati mara moja mwaka juzi. Hizi hutumwa kwa jumla, na badala ya namba hutokea jina, kwa hiyo huwezi hata kujibu "niacheni". Zaidi ya hapo kuna programu za mikopo ambazo siku ya kuzipakua zinaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yako. Unabofya "Ruhusu" kwa sababu una shida ya hela. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, mkweo na fundi bomba wanaletewa SMS kwamba wewe ni mdaiwa sugu na wao umewaweka dhamana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inadai ridhaa kabla taarifa za mtu hazijatumika, na orodha ya majina ya jamaa zako ni taarifa zao, si zako peke yako. Sheria ipo. Kasi ya kuitumia dhidi ya wanaosumbua watu kwa SMS haifanani na kasi tunayoiona sheria nyingine zinapotumika dhidi ya waandishi wa machapisho.

Ukitaka ushahidi, fungua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015. Kifungu cha 20 kinahusu ujumbe usioombwa, lakini kinamgusa yule tu anayeutuma kwa nia ya kutenda kosa jingine chini ya sheria hiyo. Promosheni inapita bila kuguswa. Nyuma kidogo, kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Tapeli na mchambuzi wa siasa wamewekwa kwenye kitabu kimoja, kurasa chache baina yao.

Uganda walikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta yalifanya kosa kumtumia mtu "taarifa asizoziomba" kupitia mtandao. Ungedhani hatimaye matangazo yamepatikana na dawa. Hapana: tafsiri ya sheria ilisema wazi kwamba matangazo ya biashara hayamo. Kwa maneno mengine, kukuuzia sabuni bila kuulizwa ilikuwa sawa, kukutumia habari ya waziri bila kuulizwa ikawa kesi.

Kwa Tanzania, bomba lenyewe la ujumbe lilifungwa Oktoba 2020. Kuelekea uchaguzi mkuu, TCRA iliagiza kampuni za simu zisitishe kwa muda huduma za SMS na sauti za kutuma kwa jumla. Ni njia ileile inayoleta promosheni ambayo kwa miaka wateja walikuwa wakilalamika haizibiki. Ilizibika ndani ya siku chache. Siku hizohizo Twitter nayo ikawa haifunguki bila kupitia njia za panya.

Kufungwa huko kunafanyikaje, maana neno "wamefunga" linaficha mambo mengi tofauti?

Unapoandika jina la tovuti, simu yako haijui iko wapi. Kwanza inauliza mfumo wa DNS, ambao hugeuza jina kuwa namba. Kwa kawaida anayejibu ni kampuni yako ya simu, na njia rahisi kuliko zote ya kuzuia ni kampuni hiyo kujibu uongo: "jina hilo halipo." Zuio la namna hii ni jepesi kulikwepa, unabadilisha mpangilio wa DNS kwenye simu na mambo yanaendelea.

Njia ya pili inasoma kilicho nje ya bahasha. Siku hizi mawasiliano na tovuti karibu zote hufichwa kwa usimbaji, yaani hugeuzwa msimbo usiosomeka njiani, kwa hiyo kampuni ya simu haiwezi kuona unachosoma wala unachoandika. Lakini kabla mazungumzo hayajafichwa, simu hulitaja jina la tovuti waziwazi, ili kompyuta ya upande wa pili ijue ni tovuti ipi kati ya nyingi inazozihifadhi inayotakiwa. Sehemu hiyo huitwa SNI. Kampuni ikiweka mtambo wa kukagua vifurushi vya data, mtambo unasoma jina, unalilinganisha na orodha, kisha unakata mawasiliano au unayaacha yaning'inie. Wewe unaona kiduara kinazunguka. Ipo teknolojia mpya ya kulificha hata jina hilo, inaitwa ECH, ila bado haijaenea kote.

Njia ya tatu ni kuzuia namba yenyewe ya kompyuta inayohifadhi tovuti, na huo ni upanga usiochagua shingo, kwa kuwa namba moja hutumiwa na tovuti nyingi zisizojuana. Urusi ilipotaka kuifunga Telegram mwaka 2018 ilizuia mamilioni ya namba za Amazon na Google. Maduka na huduma zisizohusika kabisa zikaanguka, Telegram ikaendelea kupatikana, na mwaka 2020 wakaondoa zuio. Pakistan, Februari 2008, ilijaribu kuifunga YouTube kwa watu wake kwa kutangaza njia ya uongo ya kuifikia. Tangazo likavuja nje ya mipaka, na sehemu kubwa ya dunia ikakaa kama saa mbili bila YouTube.

Iliyobaki ndiyo ninayoiona ya hila kuliko zote: kupunguza kasi. Tovuti haifungwi. Inafunguka, ila picha inachukua dakika nzima na video haichezi. Mtu anasema "leo mtandao uko chini", anazima data, anawasha, ananunua kifurushi kingine. Nani atathibitisha kwamba alizuiwa?

Hapa ndipo VPN inapoingia. Inayaficha mawasiliano yako yote na kuyapitisha kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, hivyo kampuni ya simu inaona tu kwamba unazungumza na kompyuta hiyo. Inafanya kazi, lakini si bure hata ile iliyoandikwa bure: inakula bando, na mwenye VPN sasa anaona ulikokwenda, kitu ambacho hapo awali kilionwa na kampuni ya simu. Baadhi ya hizo za bure zinaishi kwa kuuza habari hizo au kukujazia matangazo, yaani unakimbia udhibiti ukiingia kwenye taka. Oktoba 2023 TCRA ilitoa taarifa ikiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kujiorodhesha kwake hadi tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kutaja anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni), na ikakumbusha kuhusu faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Benki inaweza kujiorodhesha, ina idara ya kufanya hivyo. Mwanafunzi wa chuo anayetaka kusoma X (zamani Twitter) atajiorodhesha vipi, na kwa sababu gani aseme?

Maana X ilifungwa. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania kwenye X ilidukuliwa na kuchapisha mambo ya uongo na ya aibu, na siku hiyohiyo X ikaacha kufunguka nchini. Baadaye waziri mwenye dhamana ya mawasiliano alieleza kwamba jukwaa hilo linaruhusu maudhui ya ngono, kinyume na sheria na maadili. Ni kweli X iliruhusu maudhui hayo rasmi mwaka 2024. Lakini mtumiaji aliyeamka asubuhi akakuta kiduara kinazunguka hakupewa hati, hakupewa muda, hakuambiwa pa kukata rufaa. Septemba mwaka huohuo leseni ya JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilisimamishwa kwa siku 90, na hapo walau kulikuwa na tangazo na idadi ya siku. Leseni za aina hiyo zilianza na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo mwanzoni zilimtaka hata mwandishi wa blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2. Mwaka 2020 ziliwekwa kanuni mpya badala yake, nazo zimerekebishwa tangu hapo.

Kisa cha Uganda ndicho kinachounganisha ncha zote mbili za mada hii. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti ilizosema ni bandia na zinafanya kazi kwa pamoja, ikizihusisha na wizara ya habari ya nchi hiyo. Kwa Facebook hiyo ilikuwa kazi ya kawaida ya kufagia taka. Kwa serikali ulikuwa udhibiti wa kigeni dhidi ya wafuasi wa chama tawala. Rais Museveni akatangaza kwenye televisheni kwamba Facebook imefungwa, na ikabaki imefungwa kwa miaka, huku Waganda, wakiwemo maofisa na taasisi za umma, wakiendelea kuitumia kwa VPN. Watu walikuwa wameshazoea VPN tangu Julai 2018, serikali ilipoanzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, baada ya Rais kulalamika kwamba huko kumejaa umbea. Kodi hiyo ilifutwa 2021 na badala yake ikawekwa ya asilimia 12 kwenye data.

Sitasema kwamba kampuni za Marekani ni waamuzi wema. Zinaondoa machapisho ya Kiswahili kwa mitambo isiyojua tofauti ya utani wa watani na tishio, na ukikata rufaa unajibiwa na mtambo mwingine. Hapo napo swali ni lile la folda ya taka.

Kenya kisa ni cha kuchekesha mpaka ufikirie madhara yake. Matapeli walikuwa wanauza kwenye Telegram karatasi za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nyingi zikiwa za uongo. Novemba 2023 Telegram ikawa haipatikani katika kipindi cha mitihani, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza waziwazi izimwe kwa saa za mtihani. Badala ya kuishia kwa muuzaji, ilizimwa programu ambayo wafanyabiashara na vikundi vya kuweka akiba (chama) walikuwa wakiitumia. Angalau Kenya kulikuwa na pa kwenda: Mei 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa amri ya muda kuizuia serikali na watoa huduma kukatiza intaneti wakati kesi ikiendelea.

Hatua ya mwisho haina chujio kabisa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ya Tanzania ilikatwa, na watu walikaa siku kadhaa bila mtandao. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikaa takriban wiki tatu kuanzia 31 Desemba 2018. Kiufundi ni jambo jepesi: kampuni za simu ni chache, kila moja ina leseni inayoweza kufutwa, na barua moja kutoka kwa mdhibiti inatosha. Bodaboda wa kwenye programu anakosa abiria, anayeuza nguo Instagram anakosa oda, mtoto aliyeko Muscat au Minneapolis anapiga WhatsApp ya mama haiiti. SMS haihitaji intaneti. Pesa kwa simu ya kubonyeza nyota na reli nayo hupita kwenye mfumo wa simu wenyewe. Kwa hiyo hata siku intaneti imezimwa yote, yule tapeli na namba yake ya kutumia hela wana kila kitu wanachokihitaji.

Ukikuta tovuti haifunguki na hujui kama umezuiwa au mtandao umelala tu, anza na tovuti nyingine kwenye laini hiyohiyo. Kisha jaribu ile ya kwanza kwa laini ya kampuni nyingine, au Wi-Fi ya ofisini. Badilisha DNS iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8, ikifunguka, aliyekuwa akijibu uongo ni DNS ya kampuni yako. Isipofunguka hapo ila kwa VPN inafunguka, basi huenda ni jina au namba vinavyozuiwa njiani. Ipo programu ya bure inayofanya vipimo hivi kwa mpangilio, OONI Probe, ambayo mradi wake ulianza mwaka 2012, na matokeo yake huwekwa wazi kwa watafiti na mawakili. Nchi nyingi ushahidi wa kukatwa kwa mitandao umetoka humo. Isome vizuri kabla ya kubofya, lakini: inapopima inajaribu kufungua tovuti zilizofungwa, zikiwemo za ngono na za kisiasa, kutoka kwenye simu yako, na kampuni ya simu ambayo laini yake umeisajili kwa kidole inaweza kuona hivyo.